PhET, Algodoo, Tracker au phyphox: ipi ya kufundishia mekanika?

Mwalimu wa fizikia mwenye kompyuta mpakato moja, projekta ya kuazima na kipindi cha dakika 80 hawezi kujaribu kila programu iliyoko mtandaoni. Zipo nyingi, na zilizo nzuri nyingi ni za bure, kwa hiyo bei si kigezo tena. Mimi huanza na swali jingine: darasa limekwama wapi? Kuna darasa lisilokubali kwamba kitu kinaweza kuendelea kwenda bila kusukumwa. Kuna darasa jingine linalokubali kila unachosema na kukariri fomula zote, lakini halijawahi kuona hata namba moja ikitoka kwenye kitu halisi. Madarasa hayo mawili hayafai kupewa programu moja.

Nne ninazolinganisha hapa ni PhET, Algodoo, Tracker na phyphox. Mbili za kwanza ni simulesheni: ulimwengu wa kwenye kioo unaotii kanuni alizoziandika mtengenezaji. Mbili za mwisho ni vipimio: zinachukua taarifa za kitu kinachotembea kweli, kwa kamera au kwa vihisi vya simu, kisha zinachora grafu. Walimu wengi huziweka zote kapu moja na kuziita "programu za fizikia", na hapo ndipo uchaguzi unapoharibika.

PhET: kwa dhana iliyogoma kuingia

PhET ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Simulesheni zake za sasa hufunguka kwenye kivinjari, hata cha simu, na kila moja unaweza kuipakua kama faili la megabaiti chache ukaibeba kwenye flashi. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa sisi tunaofundisha sekondari kwa Kiingereza, mimi hutumia ya Kiswahili wakati wa kubishana juu ya dhana, kisha narudi kwenye ya Kiingereza ili msamiati ulingane na wa mtihani.

Chukua ile ya kani na mwendo. Sanduku limewekwa juu ya ubao wa magurudumu, msuguano hakuna. Mwanafunzi analisukuma, mshale wa kani unajitokeza, sindano ya mwendokasi inapanda. Sasa mwambie aache kusukuma, lakini kabla hajaacha, kila mmoja aandike kwenye daftari kitakachotokea. Wengi huandika kwamba sanduku litapungua kasi hadi lisimame. Kani inaondolewa, mshale unafutika, sindano inabaki palepale, sanduku linaendelea na safari. Darasa linapiga kelele. Kanuni ya kwanza ya Newton inaanzia hapo, maana juu ya meza ya maabara huwezi kuionyesha hivyo: msuguano haukuachii nafasi.

Ndani ya simulesheni hiyohiyo, kwenye sehemu ya mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika), kuna ndoo ya maji. Ukiisukuma, uso wa maji unainama. Kasi ikiwa haibadiliki, maji yanakaa sawa, hata kama ndoo inakwenda mbio namna gani. Sijaona mchoro wa ubaoni unaotenganisha kasi na mchapuko upesi kiasi hicho.

Ya kurusha vitu nayo ina uzuri wake. Mzinga unaweza kurusha mpira wa gofu, boga, gari, hata piano. Ukizima hewa, piano na mpira wa gofu vikirushwa kwa kasi moja na pembe moja vinapita njia moja na kutua mahali pamoja. Ukiwasha hewa, njia zinaachana. Na ile digrii 45 ambayo kila mwanafunzi anaitaja kama pembe ya kwenda mbali zaidi inakuwa kweli pale tu hewa haipo na kitu kinatua kwenye usawa uleule kilikorushwa. Inua mzinga juu, uone pembe bora inavyoshuka chini ya 45.

Udhaifu wa PhET umefungamana na uzuri huo. Kila kitu kimesafishwa. Mwanafunzi akipima anapata jibu lilelile kila mara, hakuna mkono uliotetemeka wala rula iliyosomwa kwa kuegemea upande. Tena ukimwachia achezee tu bila swali la kujibu, atamrusha binadamu kwenye mzinga dakika 20 nzima na hutamlaumu. Mimi sifungui PhET bila karatasi ya maswali mawili au matatu ya kubashiri.

Algodoo: kwa wanaotaka kujenga

Algodoo ilitokana na Phun, programu iliyotolewa mwaka 2008 na Emil Ernerfeldt akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden. Hapa hupewi jaribio lililokamilika kama kwenye PhET. Unapewa uwanja mtupu. Unachora mduara, unakuwa mpira. Unachora mstatili, unakuwa kipande cha mbao, ukitaka unakigeuza barafu, mpira au chuma. Unafunga kamba, springi, ekseli, injini. Ukibonyeza kitufe cha kuendesha, kila ulichochora kinaanza kuanguka, kuteleza na kugongana.

Ubora wake ni kwamba mwanafunzi ndiye mwenye jaribio. Mfano mzuri ni mteremko. Mpe kikundi kazi ya kujenga mteremko na kuweka kipande juu yake, kisha watafute ni pembe gani kitaanza kuteleza. Kwa hesabu ya darasani, namba ya msuguano ikiwa 0.5, kipande kinaanza kuteleza mteremko ukipita digrii 26.6, kwa sababu tanjenti ya pembe hiyo ni 0.5. Ila kuna mtego: programu huchanganya namba ya msuguano ya kipande na ya mteremko, kwa hiyo weka namba moja kwa vyote viwili kabla hamjaanza kubishana na Newton. Angalia pia kitufe cha ukinzani wa hewa. Kikiwa kimewashwa bila nyinyi kujua, hesabu zenu hazitakubaliana na kioo, na wanafunzi watadhani fomula ni ya uongo.

Programu za aina hii hukokotoa mwendo kwa hatua ndogondogo za wakati. Kwa mpira unaoviringika haina shida. Kwa springi ngumu sana au vitu vya kasi kubwa vinavyogongana, matokeo huweza kuyumba, na utaona vitu vikitetemeka au nishati ikipotea bila sababu ya kifizikia. Kwa hiyo Algodoo naiamini kwa kuonyesha na kubashiri. Kwa kupima hadi desimali ya pili, hapana.

Kingine: lazima isakinishwe kwenye Windows au Mac. Haifunguki kwenye kivinjari wala kwenye simu za Android. Shule yenye chumba cha kompyuta inafaidi. Shule yenye simu ya mwalimu peke yake iiache.

Tracker: video ya simu iwe data

Tracker ni kazi ya Douglas Brown wa Cabrillo College, California. Ni ya bure na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Unarekodi video ya kitu kinachotembea, unaifungua ndani yake, unaionyesha programu urefu wa mita moja uko wapi kwenye picha, kisha unabofya juu ya kitu fremu kwa fremu, au unaiacha ikifuate yenyewe. Inakuchorea grafu za mahali, kasi na mchapuko.

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Sababu ziko kwenye hesabu. Mpira ukidondoka kutoka mita 1, safari nzima ni sekunde 0.45. Simu inayorekodi fremu 30 kwa sekunde inakupa fremu 13 tu za kufanyia kazi. Karibu na sakafu mpira unakwenda mita 4.4 kwa sekunde, yaani kati ya fremu moja na inayofuata unasogea karibu sentimita 15. Darasani kwenye mwanga hafifu, mpira unageuka mstari wa ukungu na hujui ubofye wapi.

Dawa ni kutoka nje kwenye jua, kutumia mpira wa rangi ya kung'aa mbele ya ukuta wa rangi nyingine, na kuiweka simu mbali, imeegemezwa kwenye tofali, isishikwe mkononi. Rula ya mita iwe umbali uleule na mpira kutoka kwenye kamera. Ikiegemezwa ukutani wakati mpira unadondoka nusu mita mbele ya ukuta, vipimo vyote vinapotoka. Simu yenye mwendo wa taratibu wa fremu 120 au 240 inasaidia sana, mradi uiambie Tracker idadi halisi ya fremu, kwa sababu faili lenyewe mara nyingine hudai ni 30.

Ukivuka vikwazo hivyo, unapata kitu ambacho simulesheni haikupi. Mteremko wa grafu ya kasi, ambao kwa mchapuko wa graviti ungekuwa karibu 9.8, unatoka 9.5, wa kikundi kingine 10.1, na wanafunzi wanaanza kuulizana kwa nini. Nani alibofya pembeni ya mpira? Hewa imechangia kiasi gani? Rula ilikuwa wapi? Hayo ndiyo maswali ya mtihani wa vitendo, na yametoka kwao wenyewe.

Kwa kipindi cha dakika 40, usithubutu. Tracker ni ya vipindi viwili vilivyofuatana, au ya klabu ya sayansi Jumamosi.

phyphox: maabara iliyoko mfukoni tayari

Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kilitoa phyphox mwaka 2016. Ni aplikesheni ya bure ya Android na iPhone inayosoma vihisi vilivyomo ndani ya simu: cha mchapuko, maikrofoni, na kwenye baadhi ya simu, cha mzunguko na cha kanieneo ya hewa. Ukishaipakua haidai bando.

Jaribio la kuanzia halihitaji kifaa kingine. Iweke simu mezani, fungua mchapuko. Inasoma karibu 9.8. Wanafunzi watakataa: simu imetulia, mchapuko ungekuwa sifuri! Waache wabishane. Halafu iachie simu idondoke juu ya godoro kutoka mita 1.2. Kwa takriban nusu sekunde grafu inashuka karibu na sifuri, kisha inaruka juu simu inapotua. Kihisi hakipimi kuanguka. Kinapima jinsi simu inavyosukumwa, na mezani ni meza inayoisukuma juu. Mwanafunzi aliyeelewa hilo ameelewa uzito ni nini kuliko aliyejaza madaftari matatu.

Jingine ninalolipenda ni la mpira unaodunda, linalotumia maikrofoni peke yake. Simu inasikia kila mpira unapogonga sakafu na kupima muda kati ya mdundo mmoja na mwingine. Muda huo unatosha kujua mpira ulipanda hadi wapi. Kama kati ya mdundo wa kwanza na wa pili zilipita sekunde 0.80, mpira ulifika sentimita 78. Kama muda uliofuata ulikuwa sekunde 0.70, ulifika sentimita 60. Nishati iliyobaki ni asilimia 77 hivi. Ni jaribio la dakika tatu, kwa mpira wa tenisi na simu ya mwalimu.

Na kwa kuwa shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kuna jambo la manufaa zaidi: phyphox inaweza kuonyesha grafu yake kwenye kivinjari cha kompyuta iliyounganishwa na hotspot ya simu hiyo, bila intaneti. Simu moja na projekta moja vinatosha darasa zima.

Kasoro yake ni simu zenyewe. Nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha mzunguko, na majaribio kadhaa hayatafunguka. Kagua orodha kabla ya kuandika andalio la somo. Tena phyphox haionyeshi mishale ya kani wala picha ya kinachotokea. Mwanafunzi anaona grafu tupu. Kwa kidato cha kwanza ni kavu mno.

Pendulumu moja, njia nne

Mahali pa kuzishindanisha vizuri ni pendulumu, kwa kuwa kila mtaala unayo.

Kwenye PhET, pendulumu ya mita 1 hapa duniani inakwenda na kurudi kwa sekunde 2. Unaongeza tungamo, muda haubadiliki. Unaipeleka Mwezini, unakuwa karibu sekunde 4.9. Unaivuta hadi digrii 90, unaongezeka kwa asilimia 18 hivi, na mwanafunzi anagundua kwa nini vitabu vinasisitiza "pembe ndogo". Safari ya Mwezini haifanyiki kwenye maabara yoyote ya shule.

Kwenye Algodoo mchezo ni kukata kamba. Mpira ukiwa chini kabisa wa mbembeo, kamba ikakatwa, utakwenda wapi? Na ukiwa kwenye ncha ya juu, ulikosimama kwa nukta? Jibu la swali la pili huwakosesha hata wanaopata alama za juu: wengi hupeleka mpira pembeni, kumbe unaanguka wima. Tracker inakupa grafu ya mawimbi ya jiwe halisi, yanayopungua taratibu, na ni njia nzuri ya kuzungumzia nishati inakokwenda. phyphox inataka simu yenyewe ibembee, ndani ya mfuko uliofungwa kamba, na jaribio lake la pendulumu linategemea kihisi kile cha mzunguko.

Lakini kwa mtihani wa vitendo, uwe wa NECTA au karatasi ya tatu ya KCSE, hakuna hata moja kati ya hizo inayoshinda uzi, jiwe na stopwochi. Mwanafunzi lazima mkono wake uhesabu mibembeo 20 bila kupotea, ambayo kwa uzi wa nusu mita huchukua sekunde 28.4, aanze kuhesabu na sifuri badala ya moja, na achore mstari unaopita katikati ya nukta zisizotaka kunyooka. Pendulumu ni ya bei ya uzi. Kuifundisha kwa kioo peke yake ni kumpunja.

Watetezi wa simulesheni hupenda kutaja utafiti wa mwaka 2005 wa Noah Finkelstein na wenzake, ambao wanafunzi waliotumia PhET waliwapita waliotumia vifaa halisi. Ni utafiti wa kweli, ila ulihusu saketi za umeme, ambako simulesheni inaonyesha elektroni zisizoonekana kwa macho. Kwenye mekanika jiwe unaliona. Faida iko kwenye yale yasiyoonekana: mishale ya kani, grafu ya nishati, ulimwengu usio na msuguano. Huko simulesheni inastahili nafasi yake.

Uchague ipi

Una projekta na kompyuta moja, darasa la wanafunzi 60: PhET, iliyopakuliwa nyumbani usiku kabla. Umeme ukikatika katikati ya somo, betri ya kompyuta inakuvusha, projekta haikuvushi, kwa hiyo panga maswali ya kubashiri yafanyike kwanza kwenye daftari. Huna kompyuta kabisa: phyphox, bila kusita. Una chumba cha kompyuta kinachofanya kazi na wanafunzi wenye bidii ya kuchezea vitu: Algodoo, kwa mradi wa wiki mbili. Tracker iweke kwa kikundi kidogo cha wanafunzi wenye subira, au kwa kidato cha tano na sita.

Ukirithi maabara yenye CD za zamani za simulesheni, usipoteze mchana wako. Zilizotegemea programu ya Adobe Flash ziliishia mwisho wa mwaka 2020, na nyingi za Java zinadai usumbufu usiolipa.

Watu huniuliza pia kuhusu Interactive Physics, ambayo ni ya kulipia. Ni programu ya heshima, ilitoka mwaka 1989, na mmoja wa walioiunda, David Baszucki, ndiye baadaye aliyeanzisha Roblox, mchezo ambao wanafunzi wako pengine wanaujua kuliko kanuni za Newton. Kwa shule yenye bajeti ya kawaida siioni ikiipita Algodoo kiasi cha kuhalalisha gharama.

Kwa kidato cha sita walioshaanza kompyuta, ongeza VPython. Inafunguka kwenye kivinjari, na mwanafunzi mwenyewe anaandika mistari michache ya msimbo wa kompyuta: kani ni hii, ongeza kwenye momentamu, sogeza mpira, rudia. Mpira unaruka kwenye kioo kwa kanuni aliyoiandika yeye. Akikosea alama ya kutoa kwenye graviti, mpira unapaa juu na haurudi, na hahitaji mwalimu kumwambia kosa liko mstari gani.